Kimya cha Mzee na Vidonge vya Presha

Mwezi huu nilikuwa nimepanga kujibu barua zenu kuhusu wivu, na zimejaa mezani kweli kweli. Naomba mnivumilie. Nimeziweka pembeni kwa sababu kuna jambo limenikaa moyoni, jambo la familia yangu mwenyewe, na wahusika wote wawili wameniruhusu nilisimulie. Tena mzee mwenyewe kaniambia, "Andika, mwanangu, labda utaokoa jicho la mtu."

Ni habari ya baba yangu, mama yangu na vidonge vya presha.

Mimi ni mzaliwa wa Nyaishozi, kule Karagwe, mkoani Kagera. Wanaokufahamu wanajua: migomba mpaka mlangoni, kahawa imeanikwa uani, na asubuhi baridi ya kuvalia sweta. Baba alifundisha shule ya msingi miaka mingi mpaka akastaafu, na hadi leo watu wote wanamwita Mwalimu. Hata mama anamwita Mwalimu. Yeye naye humwita mama "mama watoto", ingawa watoto wenyewe tumeshaanza kuota mvi.

Presha ya baba iligunduliwa mwaka 2019. Si jambo la ajabu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba hapa Tanzania mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ana presha. Akaanzishiwa amlodipini, kidonge kimoja kwa siku, akakizoea bila shida. Mama akajipa kazi ya unesi. Kila usiku baada ya chakula, kabla ya sala, swali lilikuwa moja: "Mwalimu, umekunywa dawa?" Na jibu lilikuwa moja: "Nimekunywa." Sisi watoto tukisikia hayo kwenye simu tulifurahi, tukasema wazee wetu wanatunzana. Kumbe!

Mwalimu kawa kijana

Februari 2023 presha ikapanda tena. Kliniki wakamwongezea kidonge cha pili, kile cha kutoa maji na chumvi mwilini kwa njia ya mkojo. Kinaitwa haidroklorothiazidi. Siku chache baadaye likatokea jambo la kushangaza. Mzee ambaye hawezi kusoma gazeti bila miwani, sasa akawa anasoma bila miwani! Yale maandishi madogo ya Biblia akayaona vizuri kabisa. Mama akacheka, akawatangazia majirani kwamba Mwalimu wake kawa kijana.

Jumapili kanisani mzee akakwama. Kanisani kwetu kuna ubao mbele wenye namba za nyimbo za siku hiyo. Baba akaukodolea macho ubao ule asione namba hata moja. Kwa karibu anaona, kwa mbali ni ukungu mtupu. Mtu akimpungia mkono njiani hamtambui mpaka afike karibu yake. Watu wakaanza kunong'ona eti Mwalimu siku hizi ana maringo.

Akamwambia mama, "Macho yangu hayako sawa tangu nianze kidonge hiki kipya." Mama akamjibu kama ambavyo wengi wetu tungejibu: "Ah, Mwalimu, huo ni uzee. Wewe kunywa dawa." Akaenda pale alikopewa dawa. Mhudumu alikuwa na foleni ndefu, hakumwangalia hata usoni. "Mzee, hiyo ni umri tu. Endelea na dawa." Baba akashukuru, akarudi nyumbani. Hakumwambia tena mtu yeyote.

Alichofanya baada ya hapo alikifanya kimwalimu. Akafanya jaribio. Akaacha vidonge vyote viwili, cha zamani na kipya, akangoja. Baada ya wiki moja na siku kadhaa ukungu ukaondoka. Jumapili akaona namba zote ubaoni, na miwani yake ya kusomea akairudia kama zamani. Sasa niambie msomaji, mtu wa namna hiyo utamwambia nini kuhusu uzuri wa dawa? Ameacha, kapona. Kwake hesabu imekwisha.

Tangu siku hiyo hakumeza tena na kliniki hakurudi. Kila mwezi kijana wa nyumbani alitumwa duka la dawa na karatasi ile ile ya Februari, vidonge vikaja, mama akaviona mezani, akauliza swali lake la kila usiku, na mzee akajibu, "Nimekunywa." Na kwa kuwa presha haina maumivu, alijisikia vizuri kabisa. Akapalilia migomba, akachuma kahawa, akanenepa kidogo. Mama akazidi kuisifia dawa.

Chai pembeni ya kikombe

Oktoba ya mwaka huo huo mzee akaamka asubuhi jicho la kulia lina kivuli. Haliumi, si jekundu, ila upande wa chini wa kila anachokiangalia umefunikwa na kitu kama moshi. Akanyamaza. Siku tisa, wapendwa! Siku tisa nzima! Aliogopa kwamba akisema ataulizwa habari za dawa, na uongo wa miezi yote ile utafumuka.

Kilichomuumbua ni chai. Mtu anayetegemea jicho moja hukosea kukadiria umbali, na mzee akawa anamimina chai pembeni ya kikombe. Mara ya kwanza mama alifuta meza akanyamaza. Mara ya tatu akainuka, akamziba jicho la kushoto kwa kiganja, akanyoosha mkono mwingine mbele yake. "Mwalimu, vidole vingapi?" Baba hakujibu.

Usiku ule ule mama akanipigia simu. Mimi naishi Mwanza, nikamwambia waje haraka. Wakati wa kufunga mizigo mama akaingia stoo ya kahawa kutafuta kamba ya kufungia kikapu cha ndizi, maana mama wa Kagera hawezi kuja kwa mwanawe mikono mitupu. Juu ya boriti akakuta kopo kuukuu la Blue Band. Akalifungua. Ndani mna vifuko vya karatasi za daftari, vimekunjwa vizuri, kila kimoja kimeandikwa kwa mwandiko wa ubaoni: Machi, Aprili, Mei, mpaka Septemba. Vidonge vyote vimo. Mwalimu hakuwa na moyo wa kutupa kitu kilichonunuliwa kwa hela.

Mama hakupiga kelele. Akalitia lile kopo kikapuni chini ya ndizi, akafunga mdomo. Wakapitia Biharamulo na Geita mpaka Busisi, wakavuka ziwa kwa kivuko, kwa sababu wakati huo daraja lilikuwa bado linajengwa. Lilikuja kufunguliwa Juni 2025. Safari nzima ile, mama aliniambia baadaye, waliongea habari za bei ya kahawa tu.

Kopo mezani

Hospitali tulipokelewa na daktari wa macho, binti mdogo ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wa baba. Kwanza presha ikapimwa: 196 kwa 112. Kumbuka kwamba kuanzia 140 kwa 90 tayari inahesabiwa kuwa presha ya juu.

"Shikamoo baba. Dawa za presha unatumia?"

"Natumia, mwanangu."

Ndipo mama akainama, akapekua kikapu, akaweka kopo la Blue Band mezani. Hakusema neno. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Daktari akafungua vifuko kimoja kimoja, akasoma miezi yote. Nilitegemea agombe. Hakugomba. Akauliza kwa upole, "Baba, kabla ya Machi kilitokea nini?"

Jamani, swali dogo namna ile! Miezi yote hiyo hakuna aliyemwuliza. Mzee akaanza kusimulia: kidonge kipya, ubao wa nyimbo, watu asiowatambua njiani. Daktari akamkatiza mahali pamoja tu.

"Na kusoma ulikuwa unasoma bila miwani?"

"Ndiyo."

"Ya mbali ndiyo ulikuwa huoni?"

"Ndiyo, mwanangu."

Akaweka kalamu chini. "Baba, inawezekana kabisa ulikuwa sahihi. Kidonge kile kinaweza kufanya hivyo."

Sijawahi kumwona baba yangu akilia, hata siku ya kumzika mama yake. Siku ile machozi yalimlengalenga. Akamgeukia mama. "Unaona, mama watoto? Nilikuambia."

Mama naye hakukubali. "Uliniambia mara moja, Mwalimu. Halafu ukanidanganya mara mia mbili."

Kimya kikatanda. Daktari akawaacha wamalize, kisha akawaeleza wote wawili. Naomba nikueleze na wewe kama nilivyomwelewa.

Kidonge kilifanya nini, na kimya kilifanya nini

Haidroklorothiazidi na ndugu yake bendrofluazidi ni dawa nzuri, za bei nafuu, zinazotumiwa na mamilioni ya watu, na Shirika la Afya Duniani linazitaja miongoni mwa dawa za kuanzia kutibu presha. Wengi wanaozimeza hawapati shida yoyote ya macho. Ila kwa watu wachache sana, ndani ya saa kadhaa hadi wiki chache tangu waanze, maji hujikusanya katika tabaka za ndani ya jicho, sehemu inayoshikilia lenzi huvimba, na lenzi husukumwa mbele. Lenzi ikisogea mbele, mtu hupoteza uoni wa mbali ghafla. Kama ni mtu mzima aliyezoea miwani ya kusomea, ataona maajabu ya kusoma bila miwani. Uzee hauji hivyo. Uzee wa macho unakunyang'anya maandishi ya karibu, tena polepole kwa miaka, sio kwa wiki moja.

Maelezo rasmi ya dawa hiyo huko Marekani yanaitaja hatari hii waziwazi, na tiba yake ya kwanza ni kuacha kidonge hicho haraka kwa maelekezo ya daktari. Macho hurudi yenyewe kwa siku au wiki kadhaa. Lakini kuna hali mbaya zaidi ya hiyo: lenzi ikisukumwa mbele sana inaweza kuziba njia ya maji ya jicho, presha ya ndani ya jicho ikapanda ghafla. Hapo jicho linauma sana, linakuwa jekundu, kichwa kinapasuka, mtu anatapika na akiangalia taa anaona duara la rangi kuizunguka. Hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, la sivyo jicho linaweza kupofuka.

Daktari alituambia pia kwamba dawa hizi zina undugu wa kikemia na dawa za salfa. Kama umewahi kudhurika na septrini au ile SP ya malaria, mwambie mhudumu kabla hujapewa. Vile vile alimpima baba sukari, kwa sababu sukari ikipanda na kushuka nayo inachezesha macho hivyo hivyo. Sukari ilikuwa sawa.

Kwa hiyo mzee alikuwa na haki katika malalamiko yake. Alipokosea ni kwenye hukumu. Kosa lilikuwa la kidonge kimoja, yeye akaadhibu viwili. Amlodipini aliyoizoea kwa miaka minne haikuwa imemfanya lolote, na ndiyo iliyokuwa inamlinda. Presha ilipoachwa huru miezi saba, ikaenda kwenye lile lile jicho alilokuwa analiokoa. Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba unaopokea picha, unaitwa retina, na una mishipa midogo ya damu. Kwa baba, tawi moja la mshipa unaorudisha damu kutoka kwenye retina lilikuwa limeziba, damu ikavuja. Kivuli chake ndicho hicho. Na presha ya juu ni mojawapo ya sababu kubwa za mshipa huo kuziba.

Alipata matibabu, akachomwa sindano za jicho, na sehemu ya uoni ikarudi. Sio yote. Daktari alisema kama angerudi Machi kulalamika na kupata mtu wa kumsikiliza, angebadilishiwa kidonge kimoja tu, basi. Sasa anatumia amlodipini yake pamoja na losartani, na kwenye cheti chake kumeandikwa kwa kalamu nyekundu asipewe tena dawa ya kundi lile.

Vidonge vingine navyo

Ndugu msomaji, usije ukasoma hapa ukakimbilia kuvitupa vyako. Nakuandikia ili ujue cha kusema ukifika kliniki. Yapo mambo ya macho yanayoletwa na dawa za presha, na mengi yana dawa yake.

La kwanza ni lile giza la ghafla ukisimama. Umelala au umekaa, unainuka, macho yanaingia kiza, unashika ukuta. Mara nyingi jicho ni zima. Ni presha imeshuka mno unapoinuka, damu inachelewa kufika kichwani. Dawa yoyote ya presha inaweza kuleta hali hii, hasa mwanzoni, kipimo kikiongezwa, au mtu akiwa hajala wala kunywa maji ya kutosha. Inuka kwa hatua, kaa kwanza kitandani, na mwambie daktari apunguze au apange upya. Wazee wengi wanavunjika nyonga kwa sababu ya giza hili.

La pili ni macho kukauka na kuwasha kama yana mchanga. Dawa za kundi la atenololi na propranololi zinaweza kufanya hivyo. Kundi hili lina jambo jingine la kujua: linashusha pia presha ya ndani ya jicho, kwa hiyo linaweza kuficha ugonjwa wa glakoma usionekane mapema. Mweleze daktari wa macho kama unatumia.

Hapa nifafanue, maana watu wengi wanachanganya. Presha ya damu na presha ya macho, yaani glakoma, ni magonjwa mawili. Unaweza kuwa na moja bila nyingine. Glakoma inaua mshipa wa fahamu wa jicho kimya kimya, na kwetu si ugonjwa wa nadra: utafiti uliofanyika Kongwa, Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000 ulikuta takriban watu 4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea wanao. Mwenye yote mawili ana mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, presha ya damu ikishushwa mno usiku akiwa amelala, mshipa wa jicho unaweza kukosa damu ya kutosha, kwa hiyo saa ya kumeza dawa si jambo la kujipangia. Pili, dawa ya matone ya timololi, anayopewa kwa ajili ya macho, ni ya kundi moja na atenololi. Inaingia mwilini, inaweza kupunguza mapigo ya moyo na kumbana mwenye pumu. Watu husahau kuitaja kwa sababu "ni ya macho tu". Itaje!

Kuhusu amlodipini, utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2023, kutokana na taarifa za watu zaidi ya laki nne, ulikuta watumiaji wa dawa za kundi hilo wana glakoma kwa wingi kuliko wengine. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba dawa ndiyo iliyoleta ugonjwa, na hakuna aliyeambiwa aache. Unachoweza kufanya ni kupimwa macho ukishavuka miaka 40, hata kama unaona vizuri.

La mwisho, wale wanaosubiri upasuaji wa mtoto wa jicho. Kama unatumia prazosini, doksazosini au tamsulosini, iwe kwa presha au kwa tezi dume, mwambie mpasuaji kabla ya siku yenyewe. Dawa hizi hulegeza kile kiduara chenye rangi ndani ya jicho, kikawa kinatepeta wakati wa upasuaji. Madaktari walilitambua hilo mwaka 2005, na wakijua mapema wanajiandaa.

Na usifidie vidonge ulivyoruka kwa kumeza vitatu kwa mpigo. Presha iliyokuwa juu sana ikiporomoshwa ghafla, ubongo na macho hukosa damu, na watu wamepofuka kwa njia hiyo.

Na nyie kinababa

Naomba niseme na wanaume kidogo, maana gazeti hili ni la mapenzi na nyumba. Macho siyo sababu pekee inayowafanya mfiche vidonge kwenye makopo. Baadhi ya dawa za presha, zikiwemo zile za kukojoza na kundi la atenololi, zinaweza kupunguza nguvu za kiume. Najua! Mnanyamaza, mnaacha dawa, halafu mke anadhani kuna mwanamke mwingine. Wengine mnatatua kwa kununua vidonge vya sildenafili mtaani bila kumwambia mtu. Kidonge hicho nacho kinashusha presha, kikikutana na prazosini au doksazosini kinaweza kukuangusha, na kikikutana na dawa ya maumivu ya moyo ya kundi la naitreti kinaweza kukuua. Tena na chenyewe kinachezea macho, wapo wanaoona kila kitu kina rangi ya buluu. Dawa ya nguvu za kiume inabadilishwa kliniki kama ilivyobadilishwa ya macho ya baba yangu. Inataka kusemwa tu.

Na wewe dada mjamzito mwenye presha: ukiona vimulimuli, ukungu machoni, au kichwa kinauma sana, usilaumu dawa wala usisubiri siku ya kliniki. Hiyo inaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba kinachokuja. Nenda hospitali sasa hivi.

Swali la usiku

Nimewaza sana kuhusu wazazi wangu. Nani alikosa? Mzee alidanganya, hilo halina ubishi. Lakini nimejiuliza pia kuhusu lile swali la mama la kila usiku. "Umekunywa dawa?" Ni swali la upendo, lakini lina majibu mawili tu, na moja kati ya hayo linaleta ugomvi. Mtu aliyeshaambiwa "huo ni uzee" na mkewe, na "hiyo ni umri" na mhudumu, atachagua jibu lipi? Atachagua amani ya nyumba.

Mama ameliona hilo mwenyewe, wala sikumfundisha. Nilipokwenda Nyaishozi likizo iliyopita, baada ya chakula alimsogezea baba maji na vidonge viwili kwenye kisosi, akaketi. Akauliza, "Mwalimu, leo dawa zimekufanyaje?" Baba akafikiri kidogo. "Leo mchana nilipoinuka kitini niliona giza." Mama akachukua daftari, akaandika. Daftari hilo linakwenda kliniki nao, wote wawili. Lile kopo la Blue Band sasa lina mbegu za maharage.

Na mimi nikabadilika. Mume wangu ameanza dawa za presha mwaka jana. Nilipofika nyumbani nikamwuliza swali la mama. Aliniangalia, akanyamaza, halafu akaongea karibu saa nzima. Aliyoniambia ni ya kwangu na yeye, siyaandiki hapa. Ila wiki iliyofuata tulikwenda kwa daktari pamoja.

Kwa hiyo, mpenzi msomaji, kama mwenzio anatumia dawa za presha, usiku wa leo muulize zinamfanyaje. Akisema macho, usimwambie uzee. Mwulize ni jicho gani, ni la mbali au la karibu, ni tangu lini, ni baada ya kidonge gani, kisha nendeni mkamweleze mtaalamu kabla hajaacha kidonge hata kimoja. Na kama mhudumu wa kwanza hakuwasikiliza, tafuteni wa pili.

Na wewe mwenye kopo lako juu ya boriti, unajijua. Litoe leo, ulipeleke kliniki kama lilivyo. Utaona aibu ya dakika tano. Baba yangu anasema angelipia gunia zima la kahawa kupata aibu hiyo mwezi Machi badala ya Oktoba.

Kwa leo naishia hapa. Mwezi ujao, panapo majaliwa, tunarudi kwenye barua zenu za wivu. Nawapenda, na mtunze macho yenu.